Programu Imelala Sekunde Tatu, Saa Inasema Sifuri

(Hotuba niliyoitoa Kisumu kwa wanafunzi na waandishi wa programu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Slaidi nimeziacha, palipokuwa na msimbo ukutani nimeueleza kwa maneno.)

Misawa! Mulembe! Chamgei! Na yule mmoja wa Mombasa niliyemwona pale nyuma, shikamoo yako nimeipokea.

Asanteni kwa kuniachia Jumamosi yenu. Kuna waliotoka Maseno alfajiri, kuna wa Kakamega, na kuna ndugu zetu wa Bondo ambao matatu yao iligoma kuondoka mpaka ijae. Nimekuja na jambo dogo: jinsi ya kupima muda ndani ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya C. Ni dogo, lakini nimeona watu wenye shahada zao wakikaa nalo wiki nzima, wakilaumu kompyuta, wakilaumu kompaila (ile inayogeuza msimbo kuwa programu), mwisho wakilaumu mwalimu aliyewafundisha.

Tazameni hapa ukutani. Programu ina mistari sita hivi. Inaita clock() na kuweka jibu. Inaita sleep(3), yaani inalala sekunde tatu. Inaita clock() mara ya pili. Inatoa jibu la kwanza katika la pili, inagawanya kwa CLOCKS_PER_SEC, yaani idadi ya mapigo ya clock() katika sekunde moja, inachapisha. Haya, naiendesha. Hesabuni pamoja nami: moja, mbili, tatu. Imechapisha nini? Someni kwa sauti. Sifuri nukta sifuri sifuri sifuri!

Sekunde tatu sote tumezihesabu, ukumbi mzima. Zimekwenda wapi?

Nimesikia sauti ikisema kompaila. Kompaila hulaumiwa kwanza kila mara, maskini. Mwingine amesema kipakatalishi changu kimezeeka. Ni kweli kimezeeka, lakini hapa hakina hatia. clock() imejibu ukweli mtupu. Kiwango cha lugha ya C kimeieleza hivyo tangu 1989: fanksheni hii inakadiria muda ambao prosesa imeutumia kwa ajili ya programu yako. Muda wa prosesa. Na programu iliyolala haitumii prosesa hata chembe. Mfumo endeshi huiweka kando, huwapa wengine nafasi, kisha huiamsha sekunde tatu zikitimia. Kwa hiyo ukiuliza prosesa imekufanyia kazi kiasi gani, jibu ni karibu na sifuri. Jibu ni sahihi. Swali ndilo lililokosewa.

Fikirini umetumwa kusagisha mahindi, gorogoro nne. Unafika kwenye mashine, unakuta foleni. Stima inapotea. Stima inarudi. Zamu yako inafika, unga unatoka, unarudi nyumbani. Mama anauliza, umekaa muda gani huko? Saa mbili. Mwenye mashine naye akiulizwa mahindi yako yalichukua muda gani, atasema dakika nne. Nani mwongo kati yao? Hakuna. Mama anauliza juu yako, mwenye mashine anajibu juu ya jiwe lake. clock() ni mwenye mashine. Ukitaka jibu la mama, usimwulize yeye.

Sasa ongezeni mashine. Ziwe nne, mahindi yako yagawanywe, zote zisage kwa pamoja dakika kumi. Wewe umengoja dakika kumi, lakini mashine zimefanya kazi ya dakika arobaini. Kuna kijana mmoja alinijia na programu ya kuchakata picha aliyokuwa ameigawanya katika thredi nne, yaani njia nne za kazi zinazokwenda kwa pamoja. Alikuja na uso umemshuka. “Mwalimu, nimeongeza thredi, programu imekuwa nzito zaidi.” Kabla ya thredi, clock() ilimpa sekunde 38. Baada ya thredi, 41. Alikuwa amekaa usiku kucha akitafuta kosa, na asubuhi hiyo alikuwa tayari kuifuta kazi yote arudi alikotoka. Nikamwambia, tuiendeshe, wewe shika simu yako ufungue saa ya kupimia mbio. Ikamaliza kwa sekunde kumi na ushei.

Mnaona? Alikuwa ameifanya programu yake iwe na kasi karibu mara nne, na alikuwa karibu kuitupa! clock() inajumlisha kazi ya thredi zote. Ukiongeza thredi, jumla haipungui, tena huongezeka kidogo kwa sababu ya gharama ya kuziratibu. Aliyepunguza kungoja ni yule anayengoja, na hakuna aliyekuwa amempima.

Kwa hiyo kabla hujaandika mstari mmoja wa kupima, kwenye Linux andika neno time mbele ya jina la programu yako, uiendeshe. Utapewa mistari mitatu: real, user na sys. Real ni muda wa anayengoja. User ni muda ambao prosesa imetumia kwenye msimbo wako. Sys ni muda ambao mfumo endeshi umetumia ukikutumikia, kusoma faili na mengineyo. Programu yetu ya kulala itaonyesha real sekunde tatu, na user na sys karibu na sifuri. Programu ya yule kijana ilionyesha real kumi, user arobaini. Mistari mitatu tu, na nusu ya maswali ninayoletewa yangekwisha hapo.

Kabla sijaondoka kwenye clock(), nitaje jambo linalogombanisha marafiki. Kwenye Windows, maktaba ya C ya Microsoft haifuati maelezo hayo. clock() yao inahesabu muda wa ukutani, ule wa anayengoja, tangu programu ilipoanza. Programu ileile ya kulala, ukiipeleka kwenye Windows, itachapisha tatu. Wanafunzi wawili wanakaa dawati moja, msimbo mmoja, herufi kwa herufi, huyu anapata sifuri, yule anapata tatu. Na yule aliyepata tatu ataondoka akiamini kwamba yeye ndiye aliyepatia. Hapana! Amepata jibu alilolitaka kwa sababu ambayo siku akihamia kwenye seva ya Linux itamgeuka.

Haya, tuseme umechagua saa inayofaa. Je, umemaliza? Bado kuna hesabu, na hesabu ya muda ina mashimo.

Shimo la kwanza mnalijua, nilipite haraka. clock() hurudisha nambari kamili mahali pengi, CLOCKS_PER_SEC nayo ni nambari kamili, na nambari kamili kwa nambari kamili katika C hutoa nambari kamili. Kazi ya nusu sekunde inakuwa sifuri. Kazi ya sekunde moja nukta tisa inakuwa moja. Geuza upande mmoja uwe double, yaani nambari yenye desimali, kabla ya kugawanya. Kabla, si baada! Ukigeuza baada ya kugawanya, umegeuza sifuri kuwa sifuri yenye nukta. Shimo la pili ni kuchapisha double kwa alama ya %d, ambayo ni ya nambari kamili. Utaona takataka, na ukiiendesha tena huenda ukaona takataka mpya. Kompaila inaliona kosa hili na iko tayari kukuambia, mradi umeiomba kwa kuweka chaguo la maonyo, -Wall, kwenye amri ya kukompaili. Wekeni -Wall. Anayekompaili bila -Wall asiniletee swali, aende kwanza akaiweke.

Hapa pana shimo la tatu, na hili nitakaa nalo. Saa nzuri ya C kwenye Linux ni clock_gettime(). Inakupa vitu viwili: tv_sec, yaani sekunde, na tv_nsec, yaani nanosekunde zilizozidi juu ya sekunde hizo. Nanosekunde hizo hazifiki bilioni moja kamwe. Zikifika, zinakuwa sekunde nyingine na hesabu inaanza sifuri. Sasa kuna msimbo unaozunguka mitandaoni, umenakiliwa na kunakiliwa, unaotoa nanosekunde katika nanosekunde tu na kuzisahau sekunde. Ukipima kitu kifupi, unafanya kazi vizuri. Mara kumi, mara mia, vizuri. Halafu siku moja kazi yako inaanza sekunde 5 na nanosekunde milioni 900, inakwisha sekunde 6 na nanosekunde milioni 100. Milioni 100 toa milioni 900. Umepata nini? Hasi milioni 800. Muda hasi! Kazi imekwisha kabla haijaanza. Jibu la kweli ni milioni 200, na ungelipata kwa kukopa, kama tulivyofundishwa kukopa darasa la pili: toa sekunde, toa nanosekunde, nanosekunde zikiwa hasi chukua sekunde moja uigeuze nanosekunde bilioni moja. Kosa la aina hii ni baya kwa sababu halitokei kila mara. Linatokea pale tu kazi inapovuka mpaka wa sekunde, nawe unaliona mara moja kwa siku na kusema ni shetani.

Wengine huona kukopa ni usumbufu, wakageuza saa yote kuwa nambari moja yenye desimali kisha wakatoa. Mpangilio wa hatua hizo una maana kubwa. Saa ya kawaida ya Unix inahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku huko Greenwich, yaani saa tisa usiku hapa kwetu. Sekunde hizo sasa zimepita bilioni 1.7. Ukizitia ndani ya float, ndugu mdogo wa double, ambayo ina biti 24 tu za kushika tarakimu, unajua nini kinatokea? Nambari mbili zinazofuatana ambazo float inaweza kuzitofautisha zimeachana kwa sekunde 128. Mia moja na ishirini na nane! Programu yako itasema kazi imechukua sifuri, sifuri, sifuri, halafu ghafla dakika mbili na sekunde nane. Ukitumia double umepona kwa kiasi kikubwa, lakini bado utapoteza uwezo wa kuona chini ya nanosekunde 240 hivi. Kwa hiyo toa kwanza, geuza baadaye. Tofauti ya nambari mbili kubwa ni nambari ndogo, na nambari ndogo ina nafasi ya kutosha.

Kama mnadhani nawapotezea muda na vijidesimali, nisikilizeni. 25 Februari 1991, Dhahran, Saudi Arabia, wakati wa vita vya Ghuba. Mitambo ya Patriot ya jeshi la Marekani ilikuwa ikilinda anga. Programu yake haikuwa ya C, lakini ilihesabu muda tangu mtambo ulipowashwa, kwa sehemu za kumi za sekunde. Ili kupata sekunde ilizidisha kwa sehemu moja ya kumi. Na sehemu moja ya kumi haiandikiki sawasawa kwa biti. Inaendelea bila mwisho, nao waliikata kwenye biti 24. Kosa lake ni dogo mno, chini ya sehemu moja ya milioni kumi. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa saa 100 mfululizo, na kosa dogo likizidishwa kwa saa 100 linakuwa sehemu 0.34 ya sekunde. Kombora la Scud kwa muda huo linakwenda zaidi ya nusu kilomita. Patriot ikatafuta kombora mahali ambapo halikuwapo. Wanajeshi 28 waliuawa kambini. Programu iliyorekebishwa ilifika kesho yake.

Na hapa ndipo wa C wanapaswa kutega sikio. Mtambo ulikuwa ukitoa wakati mmoja katika mwingine, kama sisi. Nyakati zote mbili zingegeuzwa kwa njia moja, kosa lingekuwa sawa pande zote na kutoa kungelifuta. Lakini sehemu fulani za programu zilikuwa zimeboreshwa kwa ugeuzaji sahihi zaidi, nyingine zikaachwa na ule wa zamani. Wakati mmoja ulikuwa na kosa, mwingine hauna. Ukipima mwanzo kwa saa moja na mwisho kwa saa nyingine, hata zote mbili ziwe nzuri, unachopata si muda.

Sasa niwaulize jambo la hapa hapa. Saa sita mchana, jua liko wapi? Utosini? Hapa Kisumu, hapana! Saa ya Kenya, ya saa tatu mbele ya Greenwich, ni ya mstari wa longitudo 45 mashariki, na mstari huo haupiti hata Mombasa, unapita Somalia. Sisi tuko kwenye 34 na robo tatu. Kwa wastani jua linafika utosini Kisumu saa sita na dakika arobaini hivi. Hatulalamiki, kwa sababu saa ya ukutani ni makubaliano. Serikali zimekubaliana, dunia imekubaliana, tukaendelea na maisha. Lakini kitu cha makubaliano kinaweza kubadilishwa na waliokubaliana, na kompyuta yako imo katika makubaliano hayo. Kila inapopata mtandao inaulizia saa, na ikiona imekosea, inajirekebisha. Ikijirekebisha katikati ya kipimo chako, itakuwaje?

Upande wa Ahero kuna shamba moja lenye pampu ya umeme inayoendeshwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Hizi kompyuta, matoleo ya kabla ya la 5, hazina saa ya betri. Zikizimika, hazijui muda unaopita. Zikiwaka, zinaanza na saa ya mwisho iliyohifadhiwa, kisha mtandao ukija zinaruka mbele hadi saa ya kweli. Programu ya pampu iliandikwa kwa C: pampu ikiwaka inaita time(), fanksheni inayosoma saa ya ukutani kwa sekunde, ikizimwa inaita time() tena, inatoa, inaandika kwenye ripoti. Safi kabisa, mwaka mzima.

Kisha ikaja mvua ya radi, stima ikapotea siku mbili. Iliporudi, kompyuta ikawaka ikiamini bado ni juzi, ikawasha pampu, ikaandika saa ya kuanza: juzi. Dakika chache baadaye mtandao ukarudi, saa ikaruka. Pampu ikafanya kazi kama nusu saa, ikazimwa. Ripoti ikasema pampu imevuta maji karibu siku mbili mfululizo. Mwenye shamba yuko Nairobi, anasoma ripoti kwenye simu. Mnadhani alimlaumu nani? Mtunza pampu! Ameacha maji yafurike, amelala, ameuza maji kwa jirani. Yule mzee nusura afutwe kazi kwa sababu ya fanksheni moja. Kilichomwokoa ni bili ya umeme, ambayo haikuonyesha umeme wa siku mbili.

Hilo ni kuruka mbele. Kurudi nyuma je? Mkesha wa mwaka mpya wa 2017, usiku, vijana bado wako Kondele wanasherehekea, saa tisa za usiku zilipogonga, huko Greenwich ilikuwa saa sita kamili. Dunia ilikuwa imeongeza sekunde moja kwenye saa zake ili ziende sambamba na mzunguko wa dunia. Sekunde za namna hiyo zimeongezwa 27 tangu 1972, na hiyo ndiyo ya mwisho mpaka leo. Kompyuta nyingi zinaipokea sekunde ya nyongeza kwa kurudia sekunde ileile, yaani saa inarudi nyuma hatua moja. Kampuni ya Cloudflare ilikuwa na programu ya kutafuta anwani za mtandao, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, na programu hiyo ilipima muda ambao seva nyingine zimechukua kujibu. Ikapima, ikapata muda hasi. Aliyeiandika alikuwa amejikinga na sifuri tu, kwa sababu nani angefikiria chini ya sifuri? Nambari hasi ikapelekwa kwenye fanksheni ya kubahatisha inayokataa hasi, programu ikaanguka, na sehemu ya maswali ya anwani ikashindwa kujibiwa. Marekebisho ya haraka yalikuwa herufi moja: palipoulizwa kama ni sawa na sifuri, pakaulizwa kama ni sifuri au chini yake. Waandishi wa Go nao, mwaka huohuo wa 2017, wakaingiza kwenye toleo la 1.9 kile ambacho wa C tulikuwa nacho zamani na hatukitumii.

Ni nini hicho? CLOCK_MONOTONIC. Mkiita clock_gettime(), kitu cha kwanza mnachoipa ni jina la saa. Mkiipa CLOCK_REALTIME, mmeiomba saa ya makubaliano, ile inayoruka. Mkiipa CLOCK_MONOTONIC, mmeiomba saa isiyorudi nyuma na isiyorukishwa na mtu. Haikuambii ni saa ngapi. Kwenye Linux inahesabu takriban tangu mashine ilipowaka, basi. Ukiitazama peke yake haina maana. Ukitoa moja katika nyingine, unapata muda uliopita. Hicho ndicho ulichokitaka tangu mwanzo. Programu ya pampu ilihitaji kubadilishwa mstari mmoja wa kuanza na mmoja wa kumaliza.

Ina masharti yake. Kwenye Linux haihesabu muda ambao mashine imelazwa, kwa mfano ukifunika kipakatalishi. Ukitaka usingizi huo uhesabiwe kuna CLOCK_BOOTTIME. Usiihifadhi kwenye faili ukitarajia kuitumia baada ya kuwasha upya, maana itakuwa imeanza hesabu nyingine. Na gettimeofday(), ambayo bado naiona katika msimbo wa kila siku, ni saa ya makubaliano vilevile. Kuonyesha mikrosekunde hakuizuii kuruka. Kiwango cha POSIX, kile cha mifumo ya jamii ya Unix, katika toleo la 2008 kilishaitangaza kuwa imepitwa na wakati. Wa Windows, mtumie QueryPerformanceCounter pamoja na QueryPerformanceFrequency.

Halafu utakompaili, na kompaila itasema haiijui CLOCK_MONOTONIC. Usikate tamaa! Umeweka -std=c99, na C99 tupu haina saa hiyo; ni ya POSIX. Badilisha iwe -std=gnu99, au juu kabisa ya faili, kabla ya include yoyote, fafanua _POSIX_C_SOURCE kuwa 199309L. Kabla ya yoyote, nasisitiza, kwa sababu ikija baada ya include imechelewa. Na kama mashine ya maabara ni ya zamani sana, yenye glibc (maktaba ya C ya Linux) ya kabla ya toleo la 2.17 la mwaka 2012, ongeza -lrt mwishoni.

Kuhusu saa kufurika nitasema machache, maana chai inanukia. Kila nambari ina ukomo. Kwenye mifumo ya biti 32, clock() inajirudia kila baada ya dakika 72 hivi, na ukipima kazi ya saa tatu kwa saa hiyo utapata uongo. Windows 95 na 98 zilikuwa na hesabu ya milisekunde iliyojaa baada ya siku 49.7, na mashine ikaganda. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme na kuwashwa upya mara kwa mara, kwa sababu hesabu ndani ya vidhibiti vya jenereta ingefurika baada ya siku 248. Gawanyeni wenyewe: biti 31 za sehemu za mia za sekunde. Na time_t, nambari inayoshika jibu la time(), ikiwa ya biti 32 itajaa 19 Januari 2038, hapa kwetu ikiwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Wengi wenu mtakuwa kazini siku hiyo. Mimi nitakuwa nimestaafu, na simu nitazima.

Lililobaki ni kompaila, na hapa kidogo ina mkono wake. Umeandika lupu inayozunguka mara bilioni, inajumlisha nambari, umeiweka katikati ya saa mbili nzuri, umekompaili kwa -O2, yaani umeiruhusu kompaila iboreshe msimbo, na jibu ni nanosekunde hamsini. Umefurahi? Ungefurahi kwa nini? Kompaila imeona kwamba jumla yako haichapishwi wala haitumiki popote, ikaifuta lupu yote. Umepima umbali kati ya saa na saa. Chapisha jumla, au iweke kwenye kitu kilichotangazwa volatile, ili kompaila isiweze kusema kazi hiyo haina mwenyewe. Lakini msikimbilie kuzima uboreshaji kwa -O0, kwa sababu hapo mnapima programu ambayo hakuna atakayeitumia.

Na msipime mara moja. Mara ya kwanza faili bado liko kwenye diski, kashe, kumbukumbu ya haraka iliyo karibu na prosesa, iko tupu, prosesa iko kwenye mwendo wa chini ili kuokoa betri. Mara ya pili mambo hubadilika. Rudieni mara nyingi, mtazame nambari zote kabla ya kuchagua moja. Mimi hupendelea ile ndogo kuliko zote nikilinganisha njia mbili za kufanya kazi moja, kwa sababu usumbufu wa programu nyingine huongeza muda, haupunguzi. Kuna wanaopenda ile ya katikati, na kwa huduma inayongojewa na wateja wako sahihi kunishinda, kwa kuwa mteja hangoji siku ile nzuri tu. Wastani siupendi: masasisho ya mfumo yakiingia katikati mara moja tu, wastani wako wote umeharibika. Na kazi ikiwa fupi kuliko uwezo wa saa kuiona, ifanyeni mara elfu ndani ya kipimo kimoja kisha mgawanye. clock_getres() itawaambia saa yenu inadai inaona udogo wa kiasi gani.

Baada ya chai kila mtu afungue kipakatalishi chake, tuendeshe ile programu ya kulala tukiipima kwa saa nne tofauti: clock(), time(), CLOCK_REALTIME na CLOCK_MONOTONIC. Katikati ya usingizi wake nitawaomba mbadilishe saa ya mashine kwa mkono, mbele au nyuma mpendavyo, muone ni ipi itakayotikisika. Wenye Windows wakae karibu na wenye Linux. Na aliye na programu inayotoa muda hasi sasa hivi, aje nayo mbele kwanza, hata kabla ya mandazi.